Mistari Kwenye Mawingu

Machi 4

Mvua ya kwanza imeanguka leo, na mimi nimeunguza amplifaya mpya kabla haijafanya kazi hata dakika moja. Nilitukana hadi mdogo wangu akapaza sauti kutoka chini kuuliza nani amekufa.

Amplifaya yenyewe ni kiboksi kidogo kuliko kiberiti. Inakaa juu ya paa, chini kidogo ya antena, na kazi yake ni kuyakuza mawimbi ya setilaiti, ambayo yanatufikia yakiwa hoi. Umeme wake unapanda kwenye waya uleule unaoyateremsha mawimbi. Inataka volti tano. Adapta zangu zote ni nyeusi, zote zinafanana, na kwa haraka zangu nikachomeka ya volti kumi na mbili bila kupima. Ikatoa harufu, basi, kwisha habari yake. Mchana kutwa nakaa kwenye gari la shule ya udereva nikiwafokea watu wazima kwa kuondoka bila kutazama kioo, halafu nyumbani siwezi kusoma maandishi ya adapta. Nilijipiga paja hadi likawaka moto.

Nimeagiza nyingine. Msimu huu nataka picha moja tu ya mawingu iliyo safi kutoka ukingo hadi ukingo, na nitaipata hata kama itabidi nibomoe paa.

Machi 8

Niandike nyumba hii ilivyo, maana mvua ikikolea hakuna wa kutoka na tutaanza kuchokana. Mimi nakaa juu, peke yangu. Sikuolewa, na sijaona nilichokosa. Chini anakaa mdogo wangu na mkewe, na chumba cha nyuma ni cha mama. Mdogo wangu anakodisha spika na amplifaya kubwa za muziki kwenye sherehe, kwa hiyo mtaa mzima unamwita Besi. Watoto wanamkimbilia barabarani. Wazee wanamwanza kwa salamu. Anajua kuchekesha watu, hilo siwezi kumnyima. Mkewe, wifi yangu, ndiye anayekunja nyaya, kufuta vumbi kwenye spika na kupokea simu za wateja. Ni mtu wa maneno machache, na akicheka anaziba mdomo kwa kiganja.

Hasira ni za kwetu. Baba alikuwa nazo, mimi ninazo, Besi anazo. Mama hana hata kidogo, ila amezoea kuzizunguka zetu kama mtu anavyozunguka dimbwi njiani.

Machi 9

Mvua. Mwanafunzi kagonga nguzo. Nimemfokea hadi akalia, naye ana wajukuu.

Machi 13

Amplifaya mpya imefika. Safari hii sikufanya pupa. Nilipima adapta kwa mita, nikapima waya kuona kwamba nyaya zake mbili hazijagusana ndani ya kichwa cha kuchomekea, nikakaza kila kitu, ndipo nikawasha umeme. Inafanya kazi! Redio yangu haina vitufe vya kuzungusha. Ni kidude cha kuchomeka kwenye kompyuta, na mawimbi yote ya angani yanaonekana kwenye skrini yakiteremka polepole, kama maji kwenye kioo cha dirisha. Setilaiti ya hali ya hewa ikipita juu yetu, asubuhi au jioni, naisikia kwenye spika za masikioni ikilia tiki tiki tiki, na kompyuta inaugeuza mlio huo kuwa picha.

Jioni picha ilikuja. Mawingu mazito yanakuja kutoka magharibi, mazuri ajabu, ila yamekatwakatwa na mistari myeupe kana kwamba mtu kayachana kwa wembe. Niliuma meno.

Nikashuka kuwaambia kwamba kesho mvua itakuwa kubwa. Besi alikuwa anapakia spika za harusi ya kesho. Akaacha kupakia.

"Dada, umeanza."

"Nimeanza nini? Nakwambia nilichokiona."

"Hiyo michuma yako juu ya paa ndiyo inaita mvua. Muulize yeyote hapa mtaani."

"Basi nikodishe na mimi, niwe nakwenda kuiita kwa wakulima!"

Mimi nilicheka, mama akacheka kidogo. Wifi hakucheka.

Machi 14

Mvua imemwagika nilivyosema. Harusi imeahirishwa. Tangu alasiri muziki unapigwa chini kwa sauti ya mwisho, na hakuna anayecheza. Mistari kwenye picha nzima.

Machi 16

Leo nimemwinda adui. Nilianza na vyangu: nikazima taa, nikazima friji, nikachomoa chaji ya simu. Chaji ilikuwa na makosa yake, lakini mistari minene ilibaki palepale. Nikamwomba wifi azime vitu vya chini kimoja kimoja huku mimi nikitazama skrini.

"Wifi, zima televisheni!"

"Nimezima!"

"Washa! Sasa zima ile amplifaya ya muziki!"

Mistari ikafutika yote kwa pamoja. Nilipiga kelele ya furaha, jirani akafungua dirisha. Ni hiyo amplifaya mpya ya Besi, ya bei rahisi. Ndani yake kuna pawa saplai inayoukata umeme na kuuunga tena maelfu ya mara kwa sekunde moja, na uchafu wake unatembea kwenye nyaya za ukutani hadi nyumba nzima inageuka kuwa antena ya kutangaza upuuzi.

Nilimwita wifi apande aone mwenyewe. Mama alibaki chini kwenye swichi, akiwasha na kuzima nilipomwambia. Mistari ikaja, ikaondoka, ikaja.

"Hata muziki usipopigwa?" wifi aliuliza.

"Hata usipopigwa. Ikiwashwa tu, mimi huku naona."

"Kila siku?"

"Kila jioni niko hapa hapa. Nitakwenda wapi tena, na mvua hii?"

Aliitazama skrini kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwonyesha. Nilifurahi kupata mwenzangu. Alikuwa na alama nyeusi juu ya kiwiko. Nilipouliza akasema ni mlango, nikamwambia mlango huo utafutiwe fundi, kisha nikaendelea kumweleza habari za pawa saplai.

Machi 21

Watu wamesikia kwamba naona mvua kabla haijaja. Leo wamenipigia simu wawili kuuliza hali ya kesho kutwa, na mimi kichwa kikavimba, nikawaeleza kwa kirefu. Sikufikiri kwamba wote wawili walikuwa wateja wa Besi. Wameahirisha.

Besi alipanda juu ya paa akiwa ameloa, akaipiga teke nguzo ya antena. Ikapinda. Nilimfuata nikamzaba kofi, kofi la kweli, la mkono mzima. Akainua ngumi. Tulitazamana palepale kwenye bati, mvua ikitupiga usoni. Kisha akatabasamu lile tabasamu lake la sherehe.

"Wewe ni dada yangu," akasema. "Wewe nimekusamehe."

Akashuka. Haikuchukua muda muziki ukaanza, na mistari ikaja. Katikati ya muziki kitu kizito kilianguka chini. Kisha kikaanguka tena. Niliongeza sauti kwenye spika zangu za masikioni kwa sababu setilaiti ilikuwa inakaribia.

Machi 22

Nimeinyoosha nguzo. Wifi hajatoka ndani leo. Mama anasema ana homa.

Machi 25

Mvua. Mistari.

Machi 26

Mvua. Mistari. Mwanafunzi wa leo kaniambia nina mdomo mchafu. Nimemwambia ashuke atembee.

Machi 29

Leo damu ilinichemka. Setilaiti ilikuwa juu kabisa ya nyumba, picha inateremka safi, nimeshabana pumzi, mara mistari ikaja. Ikaondoka. Ikaja. Ikaondoka. Hakukuwa na muziki wowote. Mtu alikuwa anachezea swichi.

Niliteremka ngazi mbiombio nikausukuma mlango wao kwa bega. Wifi alikuwa amebanwa kwenye ukuta kando ya amplifaya, mkono mmoja nyuma yake, kwenye swichi. Besi alikuwa mbele yake, kajiviringisha waya wa spika kwenye ngumi, anahema.

"Nani anachezea swichi?" nilifoka. "Setilaiti iko juu ya kichwa changu!"

Besi akacheka, akaanza kuukunjua ule waya mkononi polepole, kama mtu aliyekuwa anapanga vyombo vyake vya kazi.

"Wifi yako amekuwa mtoto, dada. Anacheza na umeme."

"Basi aache," nikasema.

Nimeuona ule waya. Naandika hapa kwamba nimeuona. Nilipokuwa napanda ngazi nilijiambia kwamba hayo ni mambo ya mke na mume, na kwamba Besi hawezi kufika mbali, mimi ndiye niliyembeba mgongoni. Nusu ya picha imeharibika.

Aprili 3

Yale yale. Washa, zima, washa, zima, bila muziki. Nimeshuka tena natoa povu. Besi kafungua mlango anatabasamu, jasho linamtiririka. Wifi nyuma yake aliponiona akashusha pumzi ndefu, akakaa chini sakafuni. Nilidhani ana aibu. Nimewaambia wote wawili kwamba nimechoka, na kwamba nitaimaliza kelele hii mimi mwenyewe.

Aprili 6

Nimeimaliza.

Nilimwendea Besi kwa upole, maana kwake kulikuwa na shida pia: spika zake zinavuma, mmm mmm, hata zikiwa kimya. Tukakubaliana. Mimi nimwondolee mvumo, naye aniruhusu kuishughulikia amplifaya. Nilimkuta ameshika koleo.

"Kuna fundi kaniambia nikikata huu waya wa ethi, mvumo unaisha."

"Mvumo unaisha, na siku boksi likishika umeme nawe unaisha," nikamwambia. "Lete hiyo koleo."

Nilimwekea transfoma ndogo kwenye waya wa sauti, mvumo ukakatika, na ethi, waya unaoupeleka ardhini umeme uliopotea njia, ikabaki mahali pake. Kisha nikageukia kazi yangu. Kila waya unaotoka kwenye amplifaya niliuzungusha mara kadhaa ndani ya pete nyeusi ya feraiti, ambayo inazuia uchafu usitembee. Umeme wa ukutani nikaupitisha kwanza kwenye kichujio. Ile amplifaya yangu ya juu ya paa nayo nimeiondoa kabisa kwenye adapta, sasa inakula kwenye betri yenye fyuzi, ili isinywe uchafu wa nyumba wala isipigwe na umeme wa ukutani radi ikilia. Kazi ya mchana mzima, na sikutukana hata mara moja.

Wifi alisimama mlangoni muda wote.

"Sasa ikiwashwa hutaona tena?" akauliza.

"Sitaona kitu, wifi. Safi kabisa."

"Usifunge hiyo."

"Kwa nini?"

Besi aliinua kichwa. Wifi akamtazama, kisha akaitazama ile pete mkononi mwangu.

"Basi tu," akasema, akaenda nyuma kwa mama.

Nilikasirika. Mtu unahangaika mchana mzima kuondoa ugomvi ndani ya nyumba, mwenzako ananuna.

Aprili 7

Safi! Hakuna hata mstari mmoja.

Aprili 10

Safi. Mvua, mvua, mvua. Mama anasema Besi ameahirishiwa kazi zote za mwezi.

Aprili 12

Safi. Wifi hapandi tena kuangalia picha. Shauri yake.

Aprili 18

Nitaandika yote.

Jioni ilikuja tufani ambayo sijaiona tangu nianze mchezo huu. Niliziba masikio yangu kwa spika, nikakaa mbele ya skrini, na setilaiti ikaja. Picha iliteremka mstari kwa mstari, wingu zima limejiviringa juu yetu, safi kutoka ukingo hadi ukingo. Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Niliimba. Nikiimba, mtu akanivuta spika kutoka masikioni kwa nguvu hadi nywele zikang'oka.

Ni mama. Mama hapandi ngazi kwa ajili ya magoti yake. Alikuwa amepanda kwa mikono na magoti, kanga imeloa.

"Anamuua," akasema. "Shuka. Anamuua."

Mlango wao ulikuwa umefungwa kwa ndani. Niliuvunja kwa jiko la gesi la mama, lile dogo, nikilirusha mara mbili. Besi alikuwa amemkalia wifi kifuani, anampiga usoni kwa ngumi, kwa utaratibu, bila kelele, kama mtu anayepigilia msumari. Muziki haukuwa unapigwa. Taa ndogo nyekundu ya amplifaya ilikuwa inawaka. Nilimshika Besi nywele nikamvuta nyuma kwa uzito wangu wote, akaangukia spika, na aliponiona akaanza kulia. Alilia kama alivyokuwa akilia alipokuwa mtoto. "Dada, nimechoka na mvua," ndivyo alivyosema. Nilimpiga teke la tumbo ili apishe njia.

Nilimbeba wifi hadi kwenye gari la shule. Mama akakaa nyuma, kichwa cha wifi mapajani. Niliendesha nikipiga honi njia nzima, barabara ni mto, na kila mara nilipotazama kioo niliona uso ambao si uso. Taya lilikuwa limekwenda upande.

Hospitali nesi aliuliza, "Nini kimempata?"

"Aliteleza kwenye ngazi," mama akasema upesi. "Mvua hii."

Nesi akanitazama mimi. Na mimi, mwenye mdomo mchafu, ninayemfokea kila mtu mjini hapa, nikanyamaza.

Aprili 19

Wamemfunga taya. Jicho la kushoto wanasema litapona. Sikio la kushoto hawajui.

Aprili 21

Amezinduka vizuri. Hawezi kufungua kinywa, anaongea kwa meno, na inabidi uiname kabisa. Mama alikuwa ametoka kutafuta maji. Niliinama.

"Niliwasha," akasema.

"Uliwasha nini, wifi?"

"Amplifaya. Niliwasha, nikazima, nikawasha. Kama siku zile. Nikakusubiri."

Sikuelewa. Kisha nikaelewa. Machi 29. Aprili 3. Hakuwa anachezea swichi. Alikuwa ananiita. Nilimwambia mwenyewe, kwa kinywa changu, kwamba nikiwa juu naona, na akaniamini. Mara mbili aliniita nikaja, na Besi akamwachia. Halafu nikaenda na pete zangu za feraiti, nikamziba mdomo kwa mkono wangu, mbele ya mumewe, nikaona kwamba ananuna.

"Nikaona labda una mgeni," wifi akasema. "Labda umelala. Nikawasha tena."



Aprili 22

Nimemvunja Besi mkono.

Mama ndiye aliyewasha moto, bila kutaka. Asubuhi alinikalisha akaniambia kwamba Besi amejuta, anafunga na kusali, na kwamba tukishikilia maneno ya ngazi mambo yatapoa. "Ni mdogo wako," akasema. "Ulimbeba wewe." Nilimjibu kwamba ndiyo, nilimbeba, na sasa nataka kumshusha.

Nilipanda juu ya paa, nikalegeza antena, nikaiweka vizuri pembeni, nikachukua nguzo. Ni bomba la chuma, urefu wa mtu. Besi alikuwa ukumbini anakunywa chai. Kichwani mwangu kulikuwa na jambo moja tu, nalo ni ile koleo: laiti siku ile ningemwachia akate ethi. Ningesubiri tu siku yake ifike, na nisingechafua mikono. Nililifikiri hilo waziwazi, na sioni aibu kuliandika.

"Dada, kaa unywe chai," akasema.

Nilimpiga begani, akaanguka na kikombe. Akainua mkono kujikinga, nikaupiga mkono. Ulilia kama kijiti kinachovunjika. Nikaupiga tena, hapohapo. Mama alikuwa ananishika kiuno, anapiga mayowe, na mimi nikamburuza pamoja nami ili nimfikie vizuri. Besi alikuwa anasema, "Basi, basi, basi." Nikajiuliza wifi alisema hivyo mara ngapi, nikampiga mbavuni. Niliacha kwa sababu mikono yangu ilichoka, si kwa sababu nyingine. Nilikuwa nahema vilevile kama alivyokuwa anahema yeye siku ile ya waya.

Majirani wamemkimbiza hospitali, na yeye akapiga simu polisi. Mwanamke kavunjwa taya, hakuna askari aliyekanyaga mlango wetu. Mkono wa Besi, wamefika kabla damu haijafutwa.

Aprili 24

Nimetoka kwa dhamana. Mkuu wa shule ya udereva ndiye aliyenidhamini, kisha akanifukuza kazi hukohuko kituoni. Ana haki.

Askari aliyeniandikia maelezo ni mama mtu mzima, mwandiko mzuri.

"Kwa nini ulimpiga mdogo wako?"

"Kwa sababu nilichelewa, afande."

"Ulichelewa wapi?"

Nikamweleza yote. Nilianza na waya mkononi mwa Besi, nikaja kwenye mlango niliouvunja, kisha lile teke, na ule uongo wa ngazi ambao niliusikia nikanyamaza. Nilitaka kumweleza habari za mistari na pete, akaweka kalamu chini.

"Mama, chumba chako kiko juu ya chao?"

"Ndiyo."

"Sakafu ya mbao?"

"Ya mbao."

"Basi hayo ya mashine tuyaache," akasema, akaendelea kuandika.

Jioni walikwenda kumchukua Besi wodini, mkono ukiwa kwenye plasta.

Aprili 25

Mama hasemi na mimi. Ananipikia, anaweka sahani kwenye kidato cha kwanza cha ngazi, anaondoka.

Aprili 30

Mvua imepungua. Watu wananisimamisha barabarani kuniuliza kama kweli ninasikia maneno ya vyumbani kwa redio. Nimemwambia mmoja nitamvunja na yeye.

Mei 10

Jua limewaka leo tangu asubuhi, na wifi amekuja kuchukua nguo zake. Anakwenda kukaa kwa dada yake. Taya limefunguliwa, uso umerudi karibu kuwa wake. Sikio la kushoto limekufa, halitasikia tena.

Nilimsaidia kufunga begi, nikambebea hadi barabarani kusubiri teksi. Mama alibaki ndani, hakuaga. Tulisimama tu. Niseme ukweli: nilikuwa nasubiri ashukuru. Kazi nimepoteza, kesi ninayo, mama yangu mzazi ananiwekea chakula kama mbwa, na yote ni kwa ajili yake. Nilitaka neno moja tu.

"Mkono umevunjika mahali pawili," nikamwambia. "Daktari anasema hautanyooka. Hatauinua tena juu ya mtu. Na mahakamani nitasema yote."

Akaitikia kwa kichwa kuonyesha amesikia.

"Wifi, nimekulipizia."

"Sikukutuma umvunje mkono," akasema.

"Najua, lakini..."

"Nilikuwa nakuita ushuke." Aliongea taratibu, bila hasira, taya bado linamsumbua. "Nilikuwa nalia, wifi. Kabla ya hiyo mashine. Mwaka mzima nalia chini ya kitanda chako. Nilipoona kulia hukusikii, nikasema labda mistari utaiona. Na ukaiona. Ukaja kwa ajili ya mistari."

Teksi ilifika. Dereva akashuka, akaweka begi nyuma. Nilimkamata wifi mkono, maneno yamenijaa kifuani, yote ambayo sikuyasema kwa nesi, na nikaanza kuyasema, upesi upesi, nikimwomba anisamehe. Nilisema mengi, sijui hata niliyasemaje. Kisha nikaona kwamba nimesimama kushotoni kwake, na kwamba yeye analijua hilo, na hageuki.